Tanga la mashua ya safari: kitambaa, uzi, na fundi wa kumkabidhi

Kutoka Lindi kurudi Mtwara wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kusini, ndiko tanga linakopimwa. Njia inaelekea kusini-mashariki, upepo unatoka hukohuko unakotaka kwenda, na mkondo wa pwani hii unasukuma kaskazini mwaka mzima. Unabisha, yaani unakwenda mshazari huku na huku, dhidi ya upepo na maji kwa pamoja. Chombo chenye tanga lililovutika kinaweza kubisha tangu umande unapokatika hadi alasiri, na mnazi uliouona asubuhi upande wa kulia ukawa bado upo palepale.

Ndiyo maana inashangaza kidogo mtu anapoingia dukani na swali lake la kwanza likawa mita bei gani, na la pili kitambaa kizito kiasi gani. Ni maswali halali, ila nafasi yake ni ya tatu na ya nne. La kwanza ni kitambaa kinavutika vipi, hasa kikivutwa kwa mshazari. La pili ni jua litakifanya nini. Mtwara na Lindi ziko kwenye nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari 22 na tena karibu na Oktoba 20. Huku kusini tanga huanza kufa kwa jua, upepo ukaja kumalizia tu.

Tunayoyaandika hapa ni ya mwenye chombo cha safari: mashua au jahazi dogo la abiria, mizigo au watalii, linalotembea kati ya Msimbati, Mikindani, Sudi, Lindi na Kilwa. Yatamfaa pia mwenye yoti aliyetia nanga Mikindani akitaka kubadilisha tanga. Ngalawa ya kuvulia karibu na ufukwe ina hesabu zake, na turubai linaitosha.

Vitambaa vinavyopatikana

Marudufu ya pamba bado yana heshima yake. Ni laini mkononi, hushonwa kwa shazia (sindano kubwa ya matanga) bila taabu, uzi huzama ndani ya kitambaa na kukingwa nacho, na maji yakiingia nyuzi huvimba na kuziba vitundu. Kila fundi wa pwani anayajua. Ubaya wake ni kwamba yakilowa huwa mazito mno kuyatweka, yakikunjwa mabichi hushika ukungu, na huvutika bila kurudi. Tanga jipya la pamba lazima lizoeshwe: litweke kwenye upepo mwanana wa maleleji (kipindi kati ya kusi na kaskazi), kingo zikiwa zimelegezwa, siku kadhaa kabla ya kulikaza. Ukilitoa kwa fundi asubuhi na mchana ukalikaza kwenye kusi, umbo lake limeharibika moja kwa moja, wala hakuna fundi wa kulirudisha. Maji ya maganda ya mkandaa, yaleyale ya kutilia nyavu rangi, hupunguza kuoza.

Turubai la plastiki na sandarusi ni mambo ya dharura. Utepe wa plastiki uliofumwa hauna ukaidi wowote kwa mshazari, na jua likishaupata hugeuka unga unaobaki vidoleni. Turubai la lori lina nguvu na linavumilia jua, lakini ni zito, hupasuka kwenye mikunjo na halishiki umbo. Litumie kwa mfuko wa kufunikia tanga, hapo halina mpinzani.

Nailoni huvutika sana, na uzuri wake uko hapohapo: inafaa kwa tanga kubwa jepesi la kwenda na upepo wa nyuma, basi. Vitambaa vya tabaka, vile vyenye karatasi ya plastiki iliyobanwa katikati ya nyuzi, vina umbo zuri sana vikiwa vipya. Kwenye joto na unyevu wa pwani yetu ukungu huingia katikati ya tabaka usikoweza kuusafisha, kisha tabaka zinaachana. Mwenye yoti ya mashindano ana sababu ya kuvitaka. Wa safari hana.

Inabaki poliesta ya kufumwa, ile ambayo wengi huiita kwa jina la biashara, Dacron. Nyuzi za poliesta zilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941, na kuanzia miaka ya 1950 zikaanza kuiondoa pamba kwenye matanga. Kwa chombo cha safari katika bahari hii hilo ndilo chaguo letu, na maneno mengi yaliyobaki yanaihusu. Lakini jina peke yake halitoshi, kwa sababu poliesta iko ya kila namna, hata ya mapazia na sare za shule.

Mtande, mshindio na gundi

Kila kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, na nyuzi za mshindio, zinazokatiza upana. Ukikivuta kitambaa kufuata mtande au mshindio, kinakataa. Ukikivuta kwa mshazari, vijiraba vya ufumaji vinageuka kuwa kama almasi na kitambaa kinarefuka. Tanga linapokaza kwenye kubisha, sehemu kubwa ya nguvu inapita kwenye ukingo wa nyuma, kutoka pembe ya demani (ile ya chini, nyuma) hadi kileleni, na nyingine inakatiza katikati kwa mshazari. Kwa hiyo kitambaa bora ni kile kilichofumwa kwa kubanwa sana, kisha kikapitishwa kwenye joto kiwandani ili nyuzi zijikaze zaidi.

Kuna njia ya mkato ya kukaza kitambaa kilegevu, nayo ni kukijaza gundi. Kikiwa kipya dukani kinakuwa kigumu, kinalia kama karatasi, na mnunuzi anafurahi. Tanga likishapigapiga upepo kwa muda gundi inavunjika, na unabaki na ule ufumaji mlegevu uliokuwa umefichwa. Gundi kidogo si dhambi, na kitambaa cha safari huwa nayo. Tunachokataa ni kununua gundi kwa bei ya ufumaji.

Majaribio ya kufanya kabla ya kulipa hayahitaji maabara. Chukua kipande cha kiganja, kifinyange mkononi mara kumi kama unayefua, kisha kikunjue. Mistari myeupe ikijichora kila palipokunjika, hiyo ni gundi imepasuka. Kiinue kwenye jua: vitundu vya mwanga vikiwa vingi, ufumaji ni mlegevu. Choma nyuzi mbili tatu: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu, na plastiki ya sandarusi hunuka mshumaa. Kama bado una shaka, tumbukiza nyuzi kwenye maji yenye tone la sabuni. Poliesta huzama, plastiki ya sandarusi huelea.

Jaribio kubwa zaidi linataka mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Kata utepe wa upana wa sm 5 na urefu wa sm 60, kwa mshazari kamili wa nyuzi 45. Piga alama mbili zilizoachana sm 50. Funga ncha moja kwenye nguzo, ncha nyingine kwenye ndoano ya mizani, vuta hadi kilo 5, na mwenzako apime alama zimeachana kiasi gani. Legeza, pima tena. Kisha finyanga utepe huohuo kwa dakika mbili na urudie. Namba ya kwanza haina maana kubwa peke yake. Linganisha vitambaa viwili vya uzito mmoja, na uangalie tofauti kati ya kabla na baada ya kufinyanga. Kilichoharibika zaidi baada ya kufinyanga ndicho kilichoshikiliwa na gundi. Jaribio lote linamalizika kabla chai haijapoa, na limewaokoa watu wengi na majora ya bei kali.

Uzito wa kitambaa

Viwanda vingi huandika uzito kwa aunsi za washona tanga, kwa kipande cha inchi 36 kwa 28.5, na hapo watu hupotea. Aunsi moja ya namna hiyo ni karibu gramu 43 kwa mita ya mraba. Aunsi ya kawaida ya vitambaa, kwa yadi nzima ya mraba, ni karibu gramu 34. Kitambaa cha "aunsi 8" kinaweza basi kuwa gramu 343 au gramu 271, kutegemea nani anaongea. Dai gramu kwa mita ya mraba, na kama muuzaji hana jibu, kata sm 20 kwa 20, peleka duka la dawa lenye mizani ndogo, zidisha kwa 25.

Kwa yoti ya mita 9 hadi 10, tanga kuu la gramu 300 hadi 340 linatosha. Ya mita 12, sema 340 hadi 390. Mashua ya mita 8 yenye tanga la foromali (mti unaobeba ukingo wa juu wa tanga) la mita za mraba 20 na kitu iko kwenye gramu 260 hadi 300. Kishawishi cha kupanda uzito "ili lidumu" ni kikubwa, lakini kitambaa kizito hakijai kwenye upepo mdogo wa asubuhi, hupigapiga, na kule kupigapiga ndiko kunakolichosha. Kumbuka pia kwamba upepo ukitoka noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) kwenda 20, nguvu juu ya tanga haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Dawa yake ni kupunguza tanga, wala si kulinenepesha. Mwenye yoti aweke safu mbili za kupunguzia kwenye tanga kuu, ya pili iache kama nusu ya eneo. Mwenye jahazi abebe tanga dogo la pili, kama walivyofanya wazee.

Sasa mtego ambao mafundi wengi wa huku hawajauzoea. Matanga ya yoti kwa kawaida hukatwa vipande vikiwa vimekatiza ukingo wa nyuma, kwa hiyo nyuzi zinazobeba ukingo huo ni za mshindio. Viwanda vinajua, na poliesta nyingi za matanga zina mshindio mnene na mtande mwembamba zaidi. Tanga letu la foromali hushonwa vipande vikiwa vimesimama sambamba na ukingo wa nyuma, kwa hiyo anayebeba ni mtande. Ukichukua kitambaa cha yoti ukakishona kwa mtindo wa jahazi, umeuweka mzigo mkubwa kwenye nyuzi dhaifu, na ndani ya msimu mmoja ukingo wa nyuma utakuwa umeanza kupepesuka. Ama ununue kitambaa chenye mtande na mshindio sawa, ama fundi akubali kukatiza vipande. Fundi mzuri atakuuliza jora ni la aina gani kabla hajaligusa.

Majina ya watengenezaji wa kitambaa yanayoaminika ni machache: Challenge, Contender, Bainbridge, Dimension-Polyant. Huyo wa mwisho ana kitambaa kiitwacho Hydra Net, poliesta iliyochanganywa na nyuzi za Dyneema, plastiki yenye nguvu sana, kinachoshika umbo muda mrefu sana, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Ukiagiza, dai jina kamili la kitambaa na gramu zake viandikwe kwenye ankara. Neno "Dacron" tupu kwenye ankara halimbani mtu yeyote.

Uzi ndio unaotangulia kufa

Kwenye pamba uzi huzama. Kwenye poliesta ngumu hubaki juu, kama mshipa, ukipigwa na jua na kusuguliwa na kamba. Ndiyo sababu tanga la poliesta huanza kufumuka mishono wakati kitambaa bado kizima. Hapa ndipo shilingi elfu kadhaa hugeuka kuwa miaka.

Uzi uwe wa poliesta uliotengenezewa kazi ya nje, unene wa V-92 kwa matanga mengi tuliyoyataja, na V-138 kwa pembe na kingo. Uzi wa dukani wa kushonea suruali usikubaliwe hata kwa kiraka. Sindano ya cherehani namba 18 kwa V-92, na 20 au 22 kwa V-138. Ikiwa nyembamba zaidi uzi hukatikakatika, na fundi ataanza kulilaumu jora. Upo pia uzi wa plastiki ya PTFE, kama Tenara, usioguswa na jua. Bei yake ni mara kadhaa ya ule wa kawaida, huteleza, na unataka fundi anayejua kurekebisha mkazo wa cherehani. Kwa mfuko wa tanga unaokaa juani kila siku, tungeulipia. Kwa tanga lenyewe, poliesta nzuri na mfuko vinatosha.

Mshono uwe wa zigizaga. Tanga likivutika mshono wa moja kwa moja hauna pa kwenda, na uzi unakatika. Zigizaga hufunguka kidogo kisha hurudi. Vipande vipandane sm 2.5, mistari miwili kwa tanga dogo, mitatu kwa la safari. Cherehani nyeusi za Butterfly zilizojaa mitaani hushona moja kwa moja tu. Za kudarizi za aina ya Singer 20U hushona zigizaga, na fundi mwenye nayo na mkono uliotulia anaweza kazi hii. Kitambaa kikiwa kinateleza, kibandike kwanza kwa selotepu ya pande mbili, sm 1 hivi, ndipo kipite chini ya sindano. Kwa shazia na mkono, kwenye marudufu, dai mishono 12 hivi kila sm 10, uzi ukiwa umepakwa nta.

Hesabu ya kununulia, kwa mfano mmoja. Tanga lenye ukingo wa foromali mita 9, wa nyuma mita 8, wa chini mita 6, lina karibu mita za mraba 23.5. Ongeza asilimia 30 kwa mapishano, mapindo, viraka vya pembe na mabaki ya mishazari. Kwenye jora la upana wa sm 137 utahitaji mita 22 hadi 24. Uzi utakaoliwa, juu na chini, ni kama mita 500 hadi 600. Nunua mara mbili yake, kwa sababu nusu ya pili ndiyo ya matengenezo, na uzi wa rola moja hufanana.

Vipimo na tumbo la tanga

Tanga si shuka. Lina tumbo, na tumbo hilo hutengenezwa kwa njia mbili: kuukata ukingo wa mbele ukiwa na mviringo, na kupanua mapishano ya vipande kadiri yanavyokaribia kingo. Kwa safari, kina cha tumbo kiwe kama sm 10 hadi 12 kwa kila mita ya upana, na sehemu yenye kina zaidi iwe mbele kidogo ya katikati. Likirudi nyuma, chombo kinalala ubavuni na hakiendi joshi, upande upepo unakotoka.

Foromali ndiyo inayoharibu hesabu. Inashikwa katikati na henza, kamba ya kutwekea, ncha zake huvutwa na tanga, kwa hiyo inapinda. Kama inapinda sm 20 na fundi ameweka mviringo wa sm 20, tumbo lote la mviringo limekwisha, limemezwa na mti. Kama ukingo umekatwa umenyooka kabisa, utaona makunyanzi yanatoka katikati ya foromali hadi pembe ya demani, na watu watasema kitambaa ni kibaya. Pima hivi: ining'inize foromali mahali henza inapofungwa, tundika kila ncha ndoo ya lita 10 iliyojaa mchanga, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, na upime pengo katikati. Au piga picha kutoka pembeni chombo kikiwa kinabisha na tanga la zamani, kisha chora mstari juu ya picha. Mpe fundi vyote viwili. Asiyeuliza "mti wako unapinda kiasi gani, mzee?" huyo ni fundi mapazia.

Kwenye yoti pima urefu wa kwenda juu na wa ukingo wa chini wa tanga kuu kwa utepe wa chuma uliovutwa hadi juu kwa kamba ya kutwekea. Utepe wa kitambaa huvutika na kukudanganya. Pima pia mlingoti unavyopinda, nafasi kati ya mhimili wa chini na kichwa cha mshika usukani, na ukubwa wa viteleza. Picha za kila pembe zitaokoa barua kumi.

Fundi

Mtwara na Lindi wapo watu wa aina mbili. Kuna manahodha wazee wanaojua kukata tanga la jahazi kwa jicho na kamba, na kuna mafundi cherehani wa mjini wenye mashine na mkono mwepesi. Ni nadra mmoja kuwa na yote. Ushauri wetu ni kuwaoanisha: mzee akate, kijana ashone, na malipo yao yatenganishwe tangu mwanzo ili lawama isizunguke.

Usitake kuonyeshwa tanga jipya la fundi. Matanga yote mapya ni mazuri. Omba kuona lililomaliza msimu wa pili wa kusi. Angalia pembe: tabaka za viraka ziwe tano au sita, kila moja fupi kuliko ya chini yake kwa sm 3 hadi 5, na nyuzi zake zielekee sawa na za tanga. Kiraka kilichogeuzwa hukunjamana na kupasukia pembeni mwake. Tazama upande wa chini wa mshono, vitanzi vya uzi vikiwa vimelegea ujue mkazo wa cherehani haukupimwa. Pete ziwe za shaba, au za stenlesi zilizoshonewa kwa mkanda. Zile pete nyepesi za turubai ni bati lililong'arishwa. Zinashika kutu, na kutu inakula kitambaa hadi pete inachomoka na kipande chake. Kamba ya ukingo iwe ya poliesta ya kusokotwa, mm 8 hadi 10 kwa tanga la mfano wetu. Zile kamba za plastiki za kijani na bluu huchakaa juani na kuacha tanga bila uti.

Muulize pia atakatia wapi. Ufukweni mchanga huingia kwenye mishono na kukata nyuzi kidogo kidogo, na upepo unahamisha alama. Panatakiwa sakafu ya saruji iliyofagiwa, mita 10 kwa 8 angalau. Ukumbi wa shule wakati wa likizo unafaa, au ghala la korosho kabla msimu haujafunguliwa Oktoba; baada ya hapo hupati hata kona.

Anayetaka tanga la yoti lililokamilika huagiza nje, kwa kawaida Cape Town, Phuket au Hong Kong. Kwenye bei waliyokutajia ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hujasema ni rahisi. Agiza mapema uwe nalo mkononi kabla kusi haijaanza Aprili. Kosa la sm 10 kwenye vipimo ulivyotuma ni lako, na tanga halirudi.

Njia ya tatu, na kwa mashua nyingi ndiyo ya busara, ni tanga la mtumba la yoti lililokatwa upya. Ufunguo ni kujua sehemu iliyokufa. Ukingo wa nyuma na wa chini wa tanga la mbele ndio unaobaki nje likiviringishwa, na kama haukuwa na utepe wa kukinga jua, tupa sm 60 za mwanzo bila huruma. Katikati na karibu na ukingo wa mbele kitambaa huwa kizima. Kwaruza uzi kwa ukucha: ukikatika, mishono yote ifumuliwe na kushonwa upya. Kisha toboa kitambaa kwa shazia karibu na ukingo na ujaribu kukichana kutoka kwenye tundu kwa vidole. Kikichanika, hata bure ni ghali.

Kulilinda

Mfuko ni nusu ya umri wa tanga. Likitua, lifunikwe siku hiyohiyo, hata kama safari ni kesho. Chumvi iondolewe kwa maji baridi, kwani inanyonya unyevu na inakwangua. Mvua zetu huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, na huo ndio wakati wa ukungu: anika tanga chini ya kivuli chenye upepo, lisikunjwe likiwa na unyevu. Jik isiguse nailoni kabisa. Panya nao hupenda tanga lililokunjwa stoo karibu na mahindi.

Ukingo wa nyuma ukianza kupiga makofi, usiuache. Kaza kamba yake ya ndani kidogo tu hadi unyamaze. Ukijikunja kuelekea ndani kama kiganja, ama kamba hiyo imekazwa kupita kiasi ama ya ukingo ni fupi, na fundi aifumue. Kila baada ya safari ndefu pitia mishono ya juu karibu na kilele na pale tanga linapogusa mlingoti. Uzi ukikatika sm 3, ushone kwa mkono siku hiyo. Ukiungoja, kipande kizima kitaachia usiku, njia ya Kilwa, wala hakuna atakayekusubiri.

Chomboni kuwe na shazia mbili za namba 14 na 16, kipande cha nta, rola ya uzi, kinga ya kiganja ya ngozi, mkasi na mita 2 za kitambaa cha jora lilelile.

Malipo yagawe mara tatu: theluthi ya kwanza ya kitambaa, ya pili tanga likishashonwa, ya mwisho baada ya kulijaribu baharini fundi akiwa ndani ya chombo. Jaribu kwenye noti 10 hadi 15, si kwenye shwari ya asubuhi, na piga picha kutoka chini ya tanga ukitazama juu ili tumbo lionekane. Rekebisho la kwanza liwe ndani ya bei, na hilo liandikwe. Mabaki ya jora uyachukue wewe mwenyewe siku hiyohiyo ukiwa unamlipa, kabla hayajashonewa mikoba ya sokoni.